Kumrudi Mtoto Bila Kumpoteza: Mwongozo kwa Mzazi Mkristo

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka saba. Jumamosi jioni, jumuiya inakuja kusali kwetu, mke wangu ameshapanga vikombe kwenye sinia, mimi nahangaika na viti vya kuazima kwa jirani. Mtoto akaja mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Baba, nimevunja chupa ya chai." Hakuna aliyemuuliza, alikuja mwenyewe. Nikamzaba kofi hata hajamaliza kueleza, na saa moja baadaye nilikuwa nimekaa na wageni nikiongoza wimbo.

Majuma matatu yakapita. Nikipalilia migomba nyuma ya nyumba, jembe likakwama kwenye gazeti lililofukiwa. Ndani yake mlikuwa na glasi mbili zilizovunjika, zimefungwa vizuri kama mzigo wa kusafiri. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mtoto aliyekuwa akisema kweli bila kuulizwa alikuwa amejifunza kuchimba shimo, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Tangu siku ile nilianza kusoma upya mistari niliyokuwa nikiinukuu kwa sauti kubwa. Mithali 13:24, katika Biblia ambayo wengi wetu tumekulia nayo, inasema: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Vijana ninaowafundisha shule ya Jumapili hukwama hapo kwenye "humrudi". Anarudi wapi? Nawaeleza kwamba kwa Kiswahili cha wazee kumrudi mtu ni kumkanya na kumtia adabu. Lakini kosa lao la kusikia limenisaidia kuliko mahubiri mengi. Kila ninapotaka kumwadhibu mtoto najiuliza: tukimaliza hapa, atakuwa amerudi, au atakuwa amekwenda mbali zaidi na kujificha vizuri zaidi?

Hatua zinazofuata ndizo tunazotumia nyumbani kwetu. Nyingine tumezibishania na wazazi wenzangu, na bado hatujakubaliana zote.

Hatua ya 1: Jitulize wewe kwanza

Yakobo anaandika kwamba "hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu" (1:20). Hakusema hasira ya mwanadamu isipokuwa ya baba mwenye nyumba.

Kwa hiyo ukikuta kosa na damu imekuchemka, usitoe hukumu palepale. Mwambie mtoto maneno machache tu: "Nimeona. Tutazungumza nikishatulia." Kisha ondoka. Nenda uani, nawa uso, kunywa maji, sali hata sentensi moja. Dakika kumi zinanitosha mimi, mke wangu anasema yeye tano. Kuna siku utahitaji kusubiri hadi baada ya chakula cha usiku, na hakuna ubaya, mradi usivuke siku nzima kwa mtoto mdogo. Wa miaka minne ukimwita kesho kwa kosa la leo, atakuwa ameshasahau na utaonekana umemwonea.

Jiulize pia hasira hiyo ni ya kosa gani hasa. Mimi sikumpiga mwanangu kwa sababu ya chupa. Nilimpiga kwa sababu wageni wanakuja na nitaonekanaje. Nusu ya adhabu tunazotoa, ukizichunguza, ni ada ya aibu yetu: mtoto amelia kanisani, amejibu vibaya mbele ya shangazi, ameshika mkia darasani na mtoto wa jirani amekuwa wa pili.

Hatua ya 2: Wenye nyumba mkubaliane

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapovuja. Baba anakataza, mama analegeza, bibi anafuta kabisa, na dada wa kazi ambaye ndiye anayeshinda na mtoto kutwa hakuambiwa lolote. Mtoto wa miaka mitano anaijua ramani hiyo kuliko wewe. Anajua mlango upi una kufuli na upi umeegeshwa tu.

Kaeni chini, watu wazima peke yenu, mchague sheria chache. Sisi tulianza na 14, tukaziandika vizuri kwenye karatasi ya manila, na ndani ya juma moja hata mimi nilikuwa sizikumbuki. Sasa tuna nne: tunasema kweli, hatupigani wala hatutukanani, cha mtu kinaombwa, ukitumwa, unakwenda. Mengine yote ni maelekezo ya kawaida ya kila siku, si sheria. Kuacha viatu katikati ya sebule kunaudhi, lakini hakuhitaji kikao.

Bibi anataka heshima yake katika jambo hili. Usimkosoe mbele ya wajukuu. Sisi tulikwenda kwa mama yangu tukapiga magoti kabisa, tukamwambia, "Mama, tunaomba utusaidie kwenye hili la uongo." Tulipomwomba msaada badala ya kumpa amri, akawa mkali kutushinda. Dada wa kazi naye aambiwe wazi anaruhusiwa kufanya nini na nini haruhusiwi, hasa kwamba hapigi. Na watoto waambiwe wazi kwamba dada anaheshimiwa, hatukanwi wala kutumwa kama mtumwa.

Mkitofautiana juu ya adhabu, msitofautiane mbele ya mtoto. Ingieni chumbani.

Hatua ya 3: Pima kosa lenyewe

Kuna ajali, kuna utoto, na kuna ukaidi. Uji uliomwagika ni ajali. Mtoto wa miaka miwili kung'ang'ania kisu chenye kung'aa ni utoto, kiondoe kisu. Mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa asitoke, akatoka, akarudi akasema alikuwa chumbani, huyo amekaidi na amedanganya, na ni makosa mawili yanayotakiwa kuzungumzwa moja moja.

Ajali haiadhibiwi. Inafutwa kwa dekio, na mtoto anashika dekio.

Kuna mambo mengine yanayofanana na utundu lakini si utundu. Mtoto kukojoa kitandani si dhambi wala uvivu, na kumwanikia godoro nje ili watu waone ni ukatili. Mtoto aliyekuwa mchangamfu ghafla akawa mkali, mwoga wa mtu fulani, hataki kwenda kwa mjomba au kwa mwalimu fulani wa tuisheni, usimtafutie adhabu. Mtafutie muda wa kumsikiliza, na umwamini. Ukihisi ameumizwa au ameguswa vibaya, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Usimalize kwa kikao cha ukoo wala cha wazee wa kanisa. Nimeona vikao hivyo vikimlinda mkubwa.

Hatua ya 4: Uliza, kisha nyamaza

Kitabu cha Mwanzo sura ya 3 ndicho ninachokitumia kama kielelezo, na huwa nashangaa kwa nini hakitajwi kwenye semina za malezi. Watoto wa kwanza wamekosa, wamejificha kwenye miti ya bustani, kama mwanangu na migomba yetu. Mungu anajua kila kitu. Bado anaanza kwa swali: "Uko wapi?" Halafu swali lingine, na lingine. Anampa Adamu nafasi ya kusema, anampa Hawa nafasi ya kusema, hata wanaposukumiana lawama. Hukumu inakuja baadaye, na inakuja kweli, wala Mungu hakusema basi yaishe.

Fanya hivyohivyo. Kaa mahali ambapo macho yenu yanalingana: kigoda, ngazi ya mlangoni, popote. Uliza, "Imekuwaje?" Usiulize, "Kwa nini wewe ni mkaidi?" kwa sababu hilo si swali, ni tusi lenye alama ya kuuliza. Akianza kueleza, usimkatize hata kama anadanganya sentensi ya kwanza. Wengi husema kweli kwenye sentensi ya nne.

Na akisema kweli mwenyewe kabla hujamgundua, kweli hiyo iwe na thamani inayoonekana. Kwetu sasa adhabu inapungua nusu, na tunamwambia hivyo: "Kwa kuwa umekuja mwenyewe, utalipa nusu." Mke wangu mwanzoni aliona ni kama soko la Mawenzi, mtoto anapunguziwa bei. Lakini mashimo chini ya migomba yamekoma.

Hatua ya 5: Adhabu ifanane na kosa

Zakayo alipotubu hakuambiwa azunguke mji mara saba akiwa amepiga magoti. Yeye mwenyewe alisema atawarudishia mara nne wale aliowanyang'anya (Luka 19:8). Aliumizwa mfukoni kwa sababu mfukoni ndiko alikokosea.

Akiharibu, atengeneze au achangie kununua. Glasi zile mbili mwanangu alizilipa kwa pesa ya sikukuu aliyopewa na shangazi yake, si yote, sehemu tu, lakini aliitoa kwa mkono wake dukani na akaziona zikifungwa kwenye mfuko. Akimtukana mwenzake, anakwenda kwa huyo mwenzake, wewe ukiwa umesimama nyuma hatua tatu, anaomba radhi kwa maneno yake mwenyewe. Akidanganya kuhusu kazi ya shule, kwa juma moja daftari linakaguliwa kila jioni. Akitumia simu usiku wa manane, simu inalala chumbani kwenu. Akikataa kazi ya zamu, zamu inamsubiri na mpira unamsubiri pia.

Adhabu iwe na mwisho unaojulikana. "Hutashika simu mpaka nitakapojisikia" ni kifungo cha maisha, na mtoto aliyefungwa maisha hana sababu ya kujirekebisha.

Sasa yale ambayo hatuyatumii kabisa. Kumnyima chakula, hapana. Kumdhalilisha mbele ya watu au kupiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, hapana. Kumlinganisha na dada yake, hapana, maana Yakobo alipompendelea Yusufu waziwazi tunajua kaka zake walimfanyia nini. Kumwambia "Mungu atakuchoma" kwa sababu ya sukari aliyolamba, hapana, wala kumtisha kwa mchungaji kama vile mchungaji ni askari. Na hili najua baadhi ya wenzangu hawalipendi: usimpe Biblia kama adhabu. Mtoto aliyeamriwa kukariri Zaburi kwa sababu amepigana atakumbuka kwamba Zaburi ni kitu unachopewa ukikosea. Tuna kijana kwenye darasa la kipaimara ambaye mpaka leo akisikia Zaburi ya 119 anasonya, na ukijua alikojifunzia huwezi kumlaumu sana.

Kuhusu fimbo

Najua ndilo swali mlilokuja nalo, kwa hiyo niseme moja kwa moja: sisi tumeiweka chini.

Kuna ndugu zangu katika imani wanaosoma Mithali 13:24 na 22:15 wakaona ni amri ya kuchapa, na siwezi kuwaita wapagani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Ninachowaambia ni haya. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "fimbo" kwenye Mithali 13:24, *shebet*, ndilo hilohilo lililotafsiriwa "gongo" kwenye Zaburi 23:4, pale tunapoimba "gongo lako na fimbo yako vyanifariji". Gongo ni chombo cha mchungaji wa mifugo. Mmasai au Msukuma hahitaji kuelezwa: fimbo inaelekeza kundi, inafukuza fisi, mara chache inagusa ubavu wa ng'ombe aliyepotoka. Mfugaji anayevunja miguu ya ndama wake kila jioni hana kundi mwakani. Yesu naye alipowaita watoto wadogo waje kwake, walikuja. Hilo tu linasema kitu kuhusu uso aliokuwa nao.

Halafu kuna sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na haihalalishi adhabu iliyopita kiasi kwa umri, mwili na akili ya mtoto. Waya wa umeme, mkanda, mwiko wa moto, pilipili machoni, kumchoma vidole mtoto aliyeiba: hayo ni makosa ya jinai, na ukimtaja Mungu unapoyafanya unaongeza kosa.

Lakini kuiweka fimbo chini si kuweka malezi chini. Hapa ndipo baadhi ya wazazi wa mjini tunapoteleza upande wa pili. Eli alikuwa kuhani, mtu wa maombi, na wanawe walikuwa wakiiba nyama ya sadaka. Lawama aliyopewa ni kwamba alijua na "hakuwazuia" (1 Samweli 3:13). Daudi naye hakuwahi kumuuliza Adonia, "Mbona umefanya hivi?" (1 Wafalme 1:6), na Adonia akaishia kujitangaza mfalme baba yake akiwa bado hai. Wazee wetu walishasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto akilia kwa sababu umemnyima simu, mwache alie. Kaa karibu, usimpe.

Hatua ya 6: Mrudishe mezani

Rudi Mwanzo 3. Hukumu imeshatolewa, jasho na miiba vimeshatajwa, na kabla hawajatoka bustanini, aya ya 21 inasema Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika. Aliyewahukumu ndiye aliyewashonea.

Baada ya adhabu, kuna kazi ya kumvika mtoto, na ni ya mzazi yuleyule aliyeadhibu, si ya kumwachia mama wakati baba amenuna sebuleni. Mwambie kwa maneno kwamba yamekwisha. Salini pamoja, sala fupi, na usiitumie sala hiyo kumpiga mafumbo ("Ee Bwana, msaidie mtoto huyu mwongo..."). Kisha mkae mle. Usiku huo asile peke yake jikoni.

Na yakishaisha, yaishe. Akikosea mwezi ujao usianze na "kama ile siku ya chupa". Nimewahi kumsikia mama mmoja akimkumbusha kijana wake wa miaka 19 shilingi alizochukua akiwa darasa la pili. Kijana alicheka, lakini nilimwona alivyoinama.

Hatua ya 7: Ukikosea wewe, omba radhi

Hii haina maelezo mengi, ila ni ngumu kumeza, hasa kwetu wanaume. Paulo aliwaandikia akina baba kwa jina: "msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa" (Wakolosai 3:21). Namna ya kufanya: mwite, taja kosa lako bila "lakini", mwombe akusamehe, nyamaza. Ukisema "Nisamehe nilikupiga, lakini na wewe ulizidi," hujaomba radhi, umerudia kesi.

Hatua ya 8: Siku zisizo na kosa ni nyingi kuliko zenye kosa

Kama mtoto anasikia sauti yako akikosea tu, hata ukimwita kumpa pipi atakuja amejikunja. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja nyakati za kufundisha: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kikao cha nidhamu. Ni njia ya kwenda sokoni, ni kukuna nazi pamoja, ni kusubiri daladala stendi.

Ibada ya nyumbani kwetu ni dakika kumi, baada ya kula, kabla usingizi haujawashika wadogo. Wimbo, mistari michache, swali moja, sala. Kila mtoto ana siku yake ya kuchagua wimbo, kwa hiyo kila Jumanne tunaimba uleule wa panya na simba ambao sijui hata ulitoka wapi. Tukizidisha dakika kumi na tano, wa mwisho anasinzia na mimi naanza kukemea, na ibada inageuka mahakama.

Msifu kwa jambo mahususi. "Nimeona umempisha bibi kiti" inafika mbali kuliko "mtoto mzuri".

Kwa waliofika kidato cha pili na kuendelea, punguza amri na uongeze mazungumzo. Kijana wa miaka 15 akikwambia hataki kwenda kanisani, usimburuze na usimwache hivihivi. Muulize kuna nini kule. Binti mmoja wa jirani zetu alikataa kwaya miezi miwili, nyumbani wakamwita mwasi, kumbe viatu vilikuwa vimembana na aliona haya kuomba vingine ada ikiwa haijalipwa. Mwingine atakuwa na swali kweli kuhusu Mungu. Hilo usilizime kwa ukali. Sema "sijui" kama hujui, mtafute mwinjilisti au mtu mzima anayemwamini, mlitafute pamoja.

Mwanangu yule sasa ana miaka 12. Juzi alisimama mlangoni palepale, mikono nyuma vilevile. Kioo cha simu yangu kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Nilimwambia asubiri, nikaenda bombani, nikanawa uso mara mbili, kisha nikarudi na kigoda.